Mama Mchungaji na Ua la Tarumbeta

Kamsamba imepata wachungaji wengi, na kila mmoja alikuja na mke wake, lakini ukisema Mama Mchungaji bila kuongeza kitu, watu wanajua unamsema yupi. Mumewe alikuwa amekwisha kustaafu walipohamia pale. Wake wa wachungaji waliofuata, wenye usharika na funguo za kanisa mikononi, ilibidi waitwe kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani. Cheo kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuonyesha dalili ya kukiachia.

Mimi nilikuwa jirani yake. Duka langu la dawa lilitazama barabara, chumba changu kilikuwa nyuma ya duka, na kati ya uwanja wangu na wake palikuwa na uzio wa miti ambao kuku wa pande zote mbili hawakuutambua. Wakati huo mume wangu alikuwa dereva wa lori la kwenda Zambia na Kongo. Nyumbani alikuja kama mgeni: anakula, analala, anaondoka. Kwa hiyo chakula cha jioni nilikula kwa Mama Mchungaji miaka na miaka, nikichangia mboga au samaki, na nilimpenda mno. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba nilikuwa nikiyatazama mambo haya kwa utulivu. Hatari ya kumpoteza ilikuwapo tangu siku ya kwanza, naye aliitangaza mwenyewe.

Ilikuwa siku akina mama wa kanisa walipokwenda kumkaribisha. Tulibeba mchele, kuku na sabuni, tukaimba, tukaketi kwenye mikeka. Mchungaji, mtu wa palepale Momba aliyerudi kwao baada ya kutumikia huko juu Mbozi karibu maisha yake yote ya kazi, alikuwa ameketi mlangoni na wazee wenzake. Mama Mchungaji akasimama kushukuru. Mkononi alishika kijiti kilichofungwa kitambaa kibichi.

“Nawashukuru sana, mama zangu,” alisema. “Mchungaji amerudi kwao. Mimi nimemsindikiza. Hiki ni kijiti cha ua la tarumbeta. Kwetu Isansa linaota hata ukilichomeka kichwa chini miguu juu. Nitalipanda hapa. Likichanua, nitasema hapa ni kwetu, na mnizike hapa. Likifa, narudi kwetu kwa kaka yangu. Mchungaji anajua.”

Mchungaji aliitikia kwa kichwa. Akina mama walicheka, wakafikiri ni utani wa watu wa baridi. Kwa kweli haukuwa utani. Kaka yake alikuwa amemwekea nyumba huko Isansa, Mbozi, ya matofali ya kuchoma, kando ya shamba la kahawa, na kila mwaka alirekebisha paa lake.

Kwa asiyelijua ua hilo, ni mti mdogo wenye majani mapana, na maua yake huning'inia kuelekea chini, marefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, meupe au ya rangi ya papai lililoanza kuiva. Jioni hunukia hadi barabarani. Wengine huliita tarumbeta la malaika. Huko Mbozi watu hulipanda kuwa uzio na kulisahau, mvua na ukungu vikafanya kazi iliyobaki. Kamsamba hakuna ukungu. Kuna mpunga, kuna ng'ombe, na kuna jua ambalo Mama Mchungaji alisema halina adabu, maana linaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi.

Alilipanda kama kwao, kwenye uzio, upande wa machweo, mahali ambapo jua la alasiri lilikuwa likimwaga joto lake lote. Masika lilikaa vizuri. Mwezi wa kumi majani yakawa karatasi, na kabla mvua haijarudi kikabaki kijiti kikavu kama kile cha siku ya mikeka. Mimi nikajua basi, tumekwisha. Kesho yake nilimkuta anafunga mzigo.

“Unaondoka, mama?”

“Nakwenda Isansa kuchukua kingine,” alisema. “Hilo lilikuwa la majaribio.”

Hakuna aliyewahi kusikia habari ya majaribio. Akina mama wa kanisa walicheka tena, na safari hii Mchungaji naye alitabasamu, akainamisha uso haraka kwenye kikombe chake cha chai.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na msimamo mkali sana, na ndani ya msimamo huo kulikuwa na mlango wa nyuma ambao ufunguo wake alikuwa nao yeye peke yake.

Chukua habari ya misumari. Katika nyumba ile ya Kamsamba hapakuwa na msumari hata mmoja ukutani. Picha ya harusi yao ilisimama juu ya meza, imeegemezwa kwenye redio. Kalenda ya kanisa ililala juu ya kabati kama gazeti. Nguo zilining'inia kwenye kamba iliyofungwa kati ya kitasa na dirisha. Nikimuuliza, alisema misumari hupigwa na wenye nyumba, mgeni hatoboi ukuta wa watu. Lakini mgeni huyohuyo ndiye aliyejua ni binti gani anachumbiwa na nani, ni jaruba gani la mpunga lina ugomvi wa mpaka, na ni mzee gani amepunguza kumeza dawa za presha na kudanganya watu kwamba anameza. Huyo wa mwisho aliniletea dukani akiwa amemshika mkono, akanikabidhi kama mwanafunzi mtoro.

Na wali. Huko kwao, alisema, chakula ni ugali wa mahindi, wali ni kitu cha Krismasi. Miaka ya kwanza alikula wali wa Kamsamba kwa uso wa mtu anayemeza kwinini. Baadaye akawa ndiye anayeitwa kwenye kila msiba na kila harusi kusimamia sufuria za wali, kwa sababu wa kwake haukuwahi kushika chini. Akisifiwa, alijibu kwamba anaupika vizuri kwa kuwa haupendi, anayeupenda hufunua funua sufuria kabla ya wakati.

Nirudi kwenye ua. Lile la pili hakulipanda ardhini. Alichukua ndoo kubwa ya rangi, akaitoboa chini kwa msumari wa moto, ambao naona haukuhesabika kuwa msumari wa ukutani. Akajaza udongo wa mtoni, samadi iliyokaa muda mrefu na pumba za mpunga, kisha akaliweka upande wa mashariki wa nyumba. Pale lilipata jua la asubuhi, lile lenye upole, na kuanzia saa saba mchana nyumba yenyewe ililikinga. Juu ya udongo alitandaza mabua ya mpunga. Alikuwa akiwaona Wasukuma wenye ng'ombe kama adhabu kwa jinsi mifugo ilivyopita kwenye bustani yake ya mchicha, lakini kwa ajili ya samadi alijifunza kuwasalimu kwa Kisukuma.

Nilijifunza mengi kwa kumtazama, na niyaandike hapa kwa anayeishi kwenye joto na kulitaka ua hili. Linakunywa maji kuliko ng'ombe: asubuhi na jioni, wakati wa kiangazi, bila likizo. Lakini mchana majani yakilegea yote kama masikio ya mbwa aliyekaripiwa, usikimbilie maji. Tia kidole kwenye udongo kwanza. Ukiwa na unyevu, liache, ni joto tu, jioni litanyanyuka lenyewe. Ukilimwagia kila linapolegea utaozesha mizizi. Mama Mchungaji aliligundua hilo baada ya kuozesha lile la pili. Ndiyo, la pili nalo lilikufa, naye akaenda Isansa kuchukua la tatu, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha maneno yake.

Halafu kuna utitiri mwekundu, wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani na kulifanya liwe na vidoa kama limenyunyiziwa majivu. Wanapenda ukavu na joto, kwa hiyo Kamsamba kwao ni peponi. Dawa yake kubwa ni kugeuza jani na kuliosha kwa maji yenye sabuni kidogo, jani moja moja. Nilimwona akifanya hivyo asubuhi nyingi, ameinama, akizungumza na wapita njia bila kuinua kichwa. Aliwatambua watu kwa miguu.

Na tena ni lafi. Kila linapomaliza chakula, majani mapya hutoka ya manjano. Alikuwa akiloweka samadi kwenye pipa, akalipa maji yake.

Lile la tatu liliishi. Liliishi kweli, likawa na shina nene, majani ya kijani kibichi yenye afya, kiasi kwamba watu waliotoka Vwawa na Tunduma walisimama kuuliza ni mti gani. Liliishi mwaka, likaishi mwingine, likahamishiwa kwenye nusu ya pipa. Lakini halikuchanua.

Nikaribie kidogo hapa, maana ndipo ulipo mkasi. Mama Mchungaji alikuwa mtoto wa kahawa. Kule kwao mtoto hujifunza kupogoa kabla hajajua kusoma: unaondoa vichipukizi vya pembeni, unabakiza shina, na mti ukifika usawa unaotaka unaukata kichwa usipande zaidi ya mikono ya wachumaji. Alikuwa na mkasi wa kupogolea kahawa aliokuja nao, wenye mipini iliyosuguliwa ikawa myeusi, na aliuweka juu ya mlango, kwenye ukingo wa ukuta, mahali ambapo mwingine angepiga msumari. Kila mwaka mvua zikikaribia kwisha, mti ukiwa umefika kifuani pake, aliushusha mkasi ule akaukata mti kichwa. Tap. Kisha akaondoa vichipukizi, akaosha mikono kwa sabuni, akaketi.

Hakumruhusu mtu mwingine kuugusa mti ule, na sababu yake ilikuwa nzuri. Mwanakwaya mmoja, mama mnene mcheshi, alimsaidia kusogeza pipa siku moja, jani likavunjika mkononi mwake, naye akajifuta jasho la jicho. Baada ya muda alikuja dukani kwangu akisema haoni vizuri. Nikamtazama: mboni ya jicho moja ilikuwa imefunguka yote, kubwa nyeusi, na ya jicho la pili ipo kama kawaida. Nilishtuka mpaka nikaangusha funguo. Watu waliokuwa barazani walianza kunong'ona habari za kurogwa. Mama Mchungaji akaja akivuka uzio kama kuku wake.

“Umeshika ule mti?”

“Nimeshika, mama.”

“Ni ule. Una sumu, wote, mzizi mpaka ua. Twende kituo cha afya sasa hivi, na nitamwambia daktari mwenyewe.”

Daktari alimsikiliza, akamtazama mgonjwa, akasema arudi nyumbani akae kivulini asilisugue jicho, na kweli baada ya siku kadhaa mboni ilirudi. Tangu siku hiyo pipa lilizungushiwa fito, kipande cha sabuni kikawekwa juu ya jiwe kando yake, na kila mtoto wa mtaa akafundishwa kwamba mti ule hauchezewi, hautafunwi, hauchumwi. Mama Mchungaji aliwafundisha kwa sauti ya mtu anayesoma amri. Hata mbuzi nadhani walielewa.

Kwa hiyo alipopogoa, alipogoa peke yake, na sisi tulitazama kutoka mbali. Nami niliona ni sawa. Nilikuwa najua dawa, sikujua miti.

Kaka yake alikuja kila mwaka baada ya kuuza kahawa. Alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kwenye joto lile, na alikuja na gari la kukodi, pikapu, lenye nafasi nyuma ya kubebea vitu vya nyumba nzima. Mazungumzo yao niliyasikia mara nyingi, nikayajua kwa moyo.

“Limechanua?”

“Bado.”

“Limekufa?”

“Halijafa.”

“Haya.”

Anakunywa chai, anakula, anamsalimu shemeji yake kwa heshima kubwa, analala usiku mmoja akilalamika mbu, na asubuhi pikapu inapandisha mlima ikiwa tupu. Siku hizo za ujio wake sikuweza kula. Nilikuwa nikisikia mlio wa gari barabarani nafikiria kuhusu picha ya harusi iliyoegemea redio, jinsi ambavyo ingechukuliwa kwa mkono mmoja tu. Mtu ambaye hajapiga msumari anahama upesi.

Mchungaji siku hizo alikuwa anakwenda shambani asubuhi na mapema na kurudi na jembe begani. Sijaandika mengi juu yake kwa kuwa hakusema mengi. Alihubiri sana enzi zake, nadhani maneno yalimwisha. Alichobakiza ni mapenzi ya Kiswahili chenyewe, neno moja moja, kama mzee mwingine anavyopenda tumbaku. Jioni moja, tukiwa tunakula, alitazama mti ukiwa umesimama kwenye pipa lake, umenyooka kama fito, akasema, “Mama, umepanda. Lakini panda haijatoa panda.”

“Sasa hayo ni maneno gani?” akauliza mkewe.

Akatueleza, kwa raha zake zote, kwamba panda ni kupanda mbegu, na panda ni mahali tawi linapogawanyika, kama tunavyosema njia panda, na panda ni neno la zamani la tarumbeta, lile la kwenye Maandiko. “Kitu kimoja kinangoja kingine,” alisema, akaendelea kula. Mama Mchungaji alinyanyuka kuleta maji ambayo hatukuwa tumeyaomba. Mimi nilicheka tu, nikaona ni mchezo wa maneno wa mzee.

Katika miaka hiyo tulisafiri pamoja hadi Tunduma, mimi kununua dawa, yeye kutafuta neti ya kivuli. Tunduma ilimfurahisha kwa sababu ina vumbi na upepo baridi. Alitembea karibu na mpaka amejifunga kanga kichwani, anauliza neti kwa kila mwenye duka, na muuzaji mmoja wa kutoka upande wa Nakonde akamwita “bamayo”, yaani mama, na kumwambia “mukwai” ya heshima kila baada ya neno, akimsifia neti ya kijani kwamba kwa neti hiyo hata jangwani utalima kabichi.

“Nina ua moja tu,” alimwambia.

“Neti yote hii kwa ua moja, bamayo? Ni ua la nini?”

“Ni la kunijibu,” alisema, na akakatiwa urefu aliotaka.

Neti ilisaidia. Mti ukanenepa. Bwana shamba wa kata alipopita, alisifu majani, akasema joto la usiku la huku bondeni ndilo linalozuia maua, mti huu hupenda usiku wa baridi, tungoje mwezi wa sita na wa saba hali ya hewa inapopoa. Alisema kweli, maana joto huangusha vitumba. Tulingoja mwezi wa sita. Tukangoja mwezi wa saba. Vitumba vya kuangushwa havikuwapo.

Kisha Mchungaji akaugua. Ilianza kwa kuchoka, jembe likabaki nyumbani, baadaye miguu ikavimba, na mwishowe wakampeleka Mbeya, kwenye hospitali kubwa, mke akaenda naye. Walikaa huko sehemu kubwa ya mvua. Mti nilimwagilia mimi, nikawa naosha majani na kunawa mikono kama nilivyofundishwa. Waliporudi alikuwa mwepesi, amepungua, koti limemlegea mabegani. Madaktari walikuwa wamewaambia ukweli, nao walituambia bila kuzungusha: moyo umechoka, atunzwe nyumbani.

Mwaka huo sikuona mtu akiushika mkasi. Mti ulipita usawa wa kifua, ukafika usawa wa macho, ukanipita mimi. Asubuhi moja nikiwa nafungua duka niliona kileleni shina limegawanyika mara mbili, panda safi kabisa, na baada ya muda kila upande ukagawanyika tena. Mwezi wa sita ulipoleta baridi yake kidogo, pale kwenye panda vikatokea vitu virefu vya kijani, vimefungwa kama miavuli. Niliviangalia nikiogopa kuvitaja. Havikuanguka.

Vilifunguka jioni. Vyote kwa siku chache, vyeupe, vikitazama chini, na harufu ikaingia hadi dukani kwangu juu ya harufu ya dawa. Watu walikuja. Mchungaji alitolewa nje kwenye kiti, amefunikwa blanketi, akakaa chini ya maua yale akiwa ameinua uso. Hakusema chochote kuhusu panda. Alimshika mkewe mkono tu, mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Mama Mchungaji aliwatazama akina mama wa kanisa, wengi wakiwa ni walewale wa siku ya mikeka.

“Nilisema,” alisema. “Basi hapa ni kwetu.”

Mimi nililia, sioni sababu ya kuficha. Bwana shamba alipopita tena tukamweleza, akatufafanulia: mti huu hutoa maua juu ya panda. Shina likiwa bado moja limenyooka, hakuna ua. Ukilikata kabla halijafika panda, linaanza upya kutoka chini. Na ukitaka kijiti kitakachochanua mapema, kikate juu ya panda, kisitoke kwenye vichipukizi vya shina. Basi Kamsamba nzima ikacheka. Mnyiha wa Mbozi na mkasi wake! Miaka yote tumelaumu jua, kumbe ni mtu amepogoa ua kama kahawa, mikono ikifuata ilichozoea. Yeye mwenyewe alicheka nasi, akisema kila mtu na ugonjwa wa kwao. Hadithi hiyo niliipenda sana. Niliwasimulia wateja, nilimsimulia mume wangu kwa simu akiwa foleni ya mpakani, naye akaisimulia kwa madereva.

Mchungaji alifariki kabla ya msimu wa kupanda mpunga. Alizikwa kwao, na kaka yake Mama Mchungaji alikuja na pikapu akarudi nayo tupu. Mwaka uliofuata mume wangu alichoka na lori, tukahamia Tunduma, tukafungua duka la dawa karibu na stendi. Kuagana naye kulikuwa kugumu, nami sitaki kukueleza.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilishuka Kamsamba kumtembelea. Nilimkuta ameketi upande wa mashariki wa nyumba. Mti ulikuwa umefika kwenye bati, umejaa maua, na kando yake kwenye ndoo kulikuwa na vijiti vingine vinne au vitano vya watu walioomba. Alikuwa amezeeka, shingo imekuwa nyembamba, lakini alinitambua kwa miguu kabla sijabisha hodi.

Tulikula wali. Tukaongea habari za mtaa. Mpwa wake mmoja alikuwa amemshauri arudi Isansa sasa kwa kuwa yule aliyemfuata huku amekwisha kwenda, naye akamjibu kwamba alishasema neno lake mbele ya watu. Kisha mimi, kwa kutaka tucheke kama zamani, nikaanza ile hadithi.

“Mama, ungeuacha mti ule mapema, ungechanua zamani. Umelionea jua la watu bure. Wewe na mkasi wako wa kahawa.”

Hakucheka. Alikuwa anachambua mawe kwenye mchele wa kesho, akaendelea kuchambua.

“Mwanangu, mimi nimezaliwa nikaukuta mti huu uzioni kwetu. Unadhani sikujua unachanulia wapi?”

Niligeuka kuutazama mti.

“Nilijua tangu siku ya kwanza niliyoukata. Ungechanua, ilibidi niseme hapa ni kwetu, na Isansa niiage. Sikuwa tayari. Ungekufa, ilibidi nimwache Mchungaji. Hilo nalo sikuweza, ndiyo maana nikawa naleta mwingine. Kwa hiyo huu wa tatu nikautunza usife, nikaukata usichanue. Nikiukata nimepata mwaka mmoja wa kukaa naye bila kuulizwa. Mwaka unaofuata nakata tena.”

“Na Mchungaji hakujua?”

“Nilifikiri hajui. Miaka yote nilifikiri namficha.” Aliweka ungo chini. “Tuliporudi kutoka Mbeya, nilipanda juu ya kigoda nikauchukua mkasi. Mti ulikuwa umefika kifuani, ulikuwa wakati wake. Yeye amelala ndani, na bado nilitaka kuukata, mimi mwenyewe sijui kwa nini, labda nilidhani nikipata mwaka na yeye ataupata. Nikabana shina. Mkasi haukukata. Ukatafuna tu ganda. Nikautazama, ulikuwa butu kama kijiko.”

Alinyoosha mkono akaondoa ua moja lililoanguka begani mwake, akaliweka mbali nami.

“Miaka yote ile haukuwahi kuwa butu,” alisema. “Na mimi sikuwahi kuunoa.”